Wiki ambayo maduka ya Marekani yalizima simu za wateja wao

Jumatatu ya tarehe 20 Oktoba 2014 kampuni ya Apple iliwafungulia Wamarekani huduma yake ya kulipia kwa simu, Apple Pay. Mwenye iPhone 6 aliisogeza karibu na mashine ya kadi pale kwa keshia, akaweka kidole gumba kwenye kitufe, mashine ikalia, kazi imekwisha. Wiki haijaisha, wateja wa maduka ya dawa ya CVS na Rite Aid waliokwisha kulipa kwa njia hiyo siku mbili tatu nyuma wakakuta mashine zilezile, kwenye kaunta zilezile, haziitikii tena. Hazikuwa zimeharibika. Makao makuu yalikuwa yameamuru ile redio ndogo iliyomo ndani ya mashine, inayosemezana na simu, izimwe nchi nzima.

Haya hayakuwa maduka ya kichochoroni. CVS ilikuwa na matawi zaidi ya 7,000 na Rite Aid zaidi ya 4,000, na duka la dawa la Kimarekani haliuzi dawa tu: watu huingia humo kutafuta maziwa, sabuni, betri, hata kadi za kumtakia mtu heri ya kuzaliwa. Waraka wa ndani wa Rite Aid ulivuja siku zilezile na kusambaa. Uliwafundisha makeshia la kusema mteja akitoa simu: wamwombe radhi, wamweleze kwamba Apple Pay haipokelewi kwa sasa, na kwamba kampuni pamoja na wauzaji wengine wakubwa wanatengeneza pochi yao wenyewe ya simu, itakayokuwa tayari nusu ya kwanza ya 2015. Yaani rudisha simu mfukoni, ya kwetu inakuja.

Wengine walioumia hata hawakuwa wateja wa Apple. Walikuwapo watu waliotumia Google Wallet kwenye mashine hizohizo tangu 2011, kimya kimya, bila mtu kuwabughudhi. Walikuwa wachache mno kumkera yeyote. Redio ilipozimwa ili kumzuia Apple, nao wakazimiwa.

Mfanyabiashara gani anakataa pesa ya mteja aliyekwisha kufika kwa keshia na mzigo mkononi? Swali hilo liliulizwa sana wiki ile, kwa kejeli zaidi kuliko kwa kutaka jibu. Jibu lipo, nalo lilianza kuiva zaidi ya nusu karne kabla.

Mwezi Septemba 1958, Bank of America iliwatumia kwa posta wakazi wa mji wa Fresno, California, kadi 60,000 za mkopo ambazo hawakuziomba. Mtu alifungua bahasha akakuta kadi yenye jina lake. Benki ilikuwa imeona ugumu ulipo: mwenye duka hataki kupokea kadi ambayo wateja hawana, na mteja hana haja ya kadi ambayo maduka hayapokei. Basi ikaumwagia mji mzima kadi kwa siku moja. Mwaka wa kwanza ulikuwa balaa. Zaidi ya akaunti 1 katika kila 5 haikulipwa kwa wakati, na matapeli walineemeka. Lakini kadi ile, BankAmericard, haikufa. Mwaka 1976 ilibadilishwa jina ikawa Visa. Wenye maduka wa Fresno waliojiunga walikatwa hadi asilimia 6 ya mauzo ya kadi. Walikubali, kwa sababu wengi wao walikuwa wakikopesha wateja kwa daftari na kuhangaika kudai. Sasa benki ilibeba deni lote.

Asilimia zikashuka miaka iliyofuata, ila kadi zikawa kila mahali, na hapo ndipo makato yalipoanza kuuma. Kufikia miaka ya 2010 mteja akichanja kadi ya mkopo kwa bidhaa za dola 100, mwenye duka alibakiwa na kama dola 98. Sehemu kubwa ya zile 2 ilikwenda kwa benki iliyotoa kadi, iliyobaki ikagawanywa kati ya mtandao wa Visa au Mastercard na benki inayomhudumia mwenye duka. Kwa supamaketi, ambayo faida yake halisi katika dola 100 inaweza isifike hata hizo 2, maana yake benki inaondoka na fungu linalolingana na la yule aliyepanga bidhaa kwenye rafu, akalipa umeme wa majokofu na mishahara ya usiku. Mteja haoni lolote kati ya haya. Risiti haisemi. Tena benki humrudishia sehemu ya makato hayo kwa namna ya pointi na maili za ndege, na yeye huona kadi ndiyo rafiki yake. Ukitaka kuelewa kwa nini maduka yalishindwa mwaka 2014, anzia hapo: katika ugomvi huu mteja alikuwa upande wa kadi muda wote, na alikuwa na sababu.

Uasi wa wafanyabiashara ulijaribiwa mara kadhaa kabla. Sears, iliyokuwa mfalme wa maduka ya Marekani, ilizindua kadi yake yenyewe, Discover, katikati ya miaka ya 1980, na ndani ya maduka yake ikaendelea kuzikataa Visa na Mastercard hadi 1993, ilipoona wateja wanatoka na pesa zao kwenda kwa wengine. Mwaka 1991 wenye migahawa wa Boston waliichoka American Express, iliyokuwa ikiwakata zaidi ya wenzake, wakatangaza mgomo. Wakaupa jina la mzaha lililokumbusha wakazi wa mji huo waliomwaga chai ya Waingereza baharini mwaka 1773. American Express ililazimika kulegeza viwango vyake. Huo ni mfano nadra wa wauzaji kushinda, na ulikuwa na kitu ambacho hakikujirudia: mteja aliyekaa mezani Boston alikuwa na kadi nyingine mfukoni, hivyo hakupoteza chochote.

Baada ya migomo zikaja mahakama. Mwaka 1996 Walmart na wenzake waliwashtaki Visa na Mastercard kwa kuwalazimisha kupokea kila aina ya kadi zao, na mwaka 2003 wakapata suluhu ya takriban dola bilioni 3. Mwaka 2005 ikafunguliwa kesi nyingine, kubwa zaidi, kuhusu viwango vya makato. Bunge nalo likaingia: katika sheria ya fedha ya 2010 Seneta Richard Durbin wa Illinois alichomeka kifungu kilichoweka kikomo kwa kadi zinazokata moja kwa moja kwenye akaunti ya benki. Kuanzia Oktoba 2011 benki kubwa hazikuruhusiwa kudai zaidi ya senti 21 pamoja na asilimia 0.05 ya malipo, ukiongeza senti 1 kwa wenye ulinzi mzuri dhidi ya wizi. Kadi za mkopo, zenye makato makubwa kuliko zote, hazikuguswa.

Hapo ndipo wakubwa wa rejareja walipokata shauri kwamba kama mahakama na bunge haviwatoshi, watajenga barabara yao wenyewe ya kupitishia pesa. Agosti 2012 walitangaza muungano ulioitwa Merchant Customer Exchange, MCX kwa kifupi. Orodha ya waliomo ilikuwa kama ramani ya barabara kuu yoyote ya Marekani: Walmart, Target, Best Buy, CVS, Lowe's, Sears, 7-Eleven, Shell, Sunoco, na wengine wakaongezeka, Rite Aid wakiwamo. Jumla ya mauzo yao kwa mwaka ilipita dola trilioni 1. Ukikaa ukatazama hesabu hiyo, ni vigumu kuona wangeshindwaje. Na walifungana kwa mkataba: kwa muda fulani, mwanachama asipokee pochi ya simu ya mpinzani.

Wakati huo uwanja wa malipo ya simu Marekani ulikuwa umejaa watu wanaozuiana. Google ilianza na Wallet mwaka 2011, lakini Desemba ya mwaka huohuo Verizon, mtandao mkubwa wa simu, ukaizuia kwenye simu mpya ya Galaxy Nexus. Si siri kwa nini wengi walishuku: Verizon, AT&T na T-Mobile walikuwa wakitengeneza pochi yao ya pamoja, Isis. Pochi hiyo ilichelewa, ikakosa watu, na mwaka 2014 ikalazimika kubadilisha jina kuwa Softcard kwa sababu kundi la wapiganaji lenye jina kama hilo lilikuwa limelichafua lile la kwanza. Mapema 2015 Google ikainunua teknolojia yake. Benki zilikuwa na lao, kampuni za simu zina lao, maduka yana lao. Mmarekani aliyesimama kwenye foleni aliendelea kuchanja kadi ya plastiki, akaweka saini, akaenda zake.

Inafaa kukumbuka kwamba katika miezi hiyohiyo, Juni 2014, Airtel, Tigo na Zantel za Tanzania zilikuwa zimetangaza makubaliano ya wateja wao kutumiana pesa kutoka mtandao mmoja hadi mwingine. Vodacom walijiunga mwaka 2016. Mkazi wa Mbagala alikuwa na uhuru ambao mkazi wa Manhattan hakuwa nao. Lakini kuhusu makato tusijisifu sana. Muuza duka wa Kariakoo anayekwambia uache Lipa Namba, ile namba ya malipo ya duka, umtumie kwenye namba yake ya kawaida, anafanya kwa simu moja kile ambacho Walmart walitaka kukifanya kwa matawi yao yote.

Bidhaa ya MCX iliitwa CurrentC, na ukiitazama kwa karibu unaona mara moja ilibuniwa kwa ajili ya nani. Mteja alipakua programu, akajisajili. Ili kupata kilicho kiini cha mpango mzima, yaani kulipa moja kwa moja kutoka akaunti ya benki bila kugusa reli za Visa na Mastercard, alitakiwa kuunganisha akaunti hiyo. Kuthibitisha kwamba ni yeye, aliulizwa namba ya leseni ya udereva na namba yake ya hifadhi ya jamii, ile ambayo Mmarekani hufundishwa tangu utotoni asimpe mtu ovyo. Kisha dukani: toa simu, ifungue, tafuta programu, ifungue nayo, ingiza namba ya siri, subiri msimbo wa QR utokee kwenye kioo ili keshia aupige kwa mashine yake, au kinyume chake, elekeza kamera ya simu kwenye msimbo ulioko kwenye mashine ya duka, ushikilie mkono usitikisike. Pesa zilipita kwenye njia ya kawaida ya benki kwa benki, inayogharimu senti chache tu. Hizo senti, badala ya dola 2, zilikuwa sababu ya MCX kuwapo. Mteja alipata nini? Kuponi, na pointi za duka kujipanga zenyewe.

Linganisha na kidole gumba. Apple hawakuigusa biashara ya kadi, waliipanda mgongoni. Kadi yako ileile ya Visa iliingia ndani ya simu, benki yako ikaendelea kupata makato yake na kumega kipande kidogo, asilimia 0.15 kwa kadi za mkopo, ikampa Apple. Mwenye duka hakupunguziwa hata senti. Tena alipoteza kitu kingine alichokithamini karibu sawa na pesa. Kadi ya plastiki ikichanjwa, duka hubaki na namba yake na linaweza kumfuatilia mteja: huyu hununua nepi kila wiki mbili, huyu ameanza kununua chakula cha mbwa. Apple Pay ilipeleka dukani namba ya badala, isiyo ile iliyoandikwa kwenye kadi. Duka likawa linahudumia mgeni. Viongozi wa rejareja hawakupenda kulisema hili kwa sauti, nami naliona zito kama makato yenyewe.

Walikuwa na bahati mbaya ya wakati pia. Kati ya mwisho wa Novemba na katikati ya Desemba 2013, msimu wenyewe wa manunuzi ya Krismasi, wezi wa mtandaoni waliingia kwenye mashine za Target wakaondoka na taarifa za kadi milioni 40. Mtendaji mkuu wa Target aliachia ngazi Mei 2014. Septemba 2014 Home Depot wakakiri kadi milioni 56. Mwezi uliofuata, watu wa rejareja hao, Target wakiwa miongoni mwa waanzilishi wa MCX, ndio waliokuwa wakiomba namba ya akaunti ya benki na ya hifadhi ya jamii. Na walikuwa wakikataa mfumo ambao, pamoja na yote, haukuwaachia wezi kitu cha kuiba dukani.

Hivyo hasira za Oktoba zilipolipuka zilikuwa na kuni za kutosha. Kwenye duka la programu la Apple, CurrentC ilishushiwa maelfu ya nyota moja moja na watu ambao hawakuwahi kuitumia, wala wasingeweza, kwa kuwa ilikuwa bado kwenye majaribio ya walioalikwa tu. Mitandaoni watu walihimizana kuhamia Walgreens, mshindani wa CVS na Rite Aid aliyekuwa ameipokea Apple Pay kwa mikono miwili. Walgreens walisema malipo ya simu kwao yameongezeka maradufu. Meijer, supamaketi za Michigan na majimbo jirani, walikuwa wanachama wa MCX lakini hawakuzima chochote, wala hawakueleza sana.

Tarehe 27 Oktoba Tim Cook, mtendaji mkuu wa Apple, akiwa kwenye mkutano wa gazeti la Wall Street Journal huko California, alilichukulia jambo lote kuwa mzozo mdogo tu, akasema kadi milioni 1 zilikuwa zimeingizwa ndani ya saa 72 za kwanza. Hoja yake ilikuwa kwamba muuzaji ana maana pale tu wateja wanapompenda. Siku mbili baadaye mtendaji mkuu wa MCX, Dekkers Davidson, aliitisha waandishi wa habari kwa njia ya simu. Akafafanua kwamba hakuna mwanachama atakayetozwa faini akiamua kuondoka, na kwamba taarifa nyeti za mteja hazitahifadhiwa kwenye simu yake. Siku hiyohiyo MCX ilikuwa ikiwaandikia walioshiriki majaribio kuwajulisha kwamba wadukuzi wamechukua anwani zao za barua pepe. Zilikuwa anwani tu, na zilichukuliwa kwa kampuni nyingine iliyowahudumia MCX, si kwenye programu yenyewe. Nani angesikiliza ufafanuzi huo wiki ile?

Naandika haya nikiwa na huruma zaidi kwa maduka kuliko waliyopata wakati ule. Malalamiko yao yalikuwa ya haki. Makato ya kadi huingizwa kwenye bei ya mkate, na anayelipia mkate huo kwa pesa taslimu, mara nyingi maskini kuliko mwenye kadi ya maili za ndege, huchangia pointi za mwenzake bila kujua. Hakuna aliyemweleza mteja hilo. MCX walikuwa na miaka miwili ya kwenda kwa umma na hoja hiyo, hata kumpa mteja sehemu ya hizo dola 2 pale kwa keshia, kila anapolipa, zionekane kwenye risiti. Badala yake walikaa vikaoni, wakubwa wasioaminiana wakipatana kila kipengele, na umma uliwajua kwa mara ya kwanza siku walipozima mashine.

Kusambaratika kulikuwa kwa polepole, kila mmoja akichepuka kwa wakati wake. Machi 2015 PayPal ilitangaza kuinunua Paydiant, kampuni iliyotengeneza teknolojia ya CurrentC, ikawa mshindani ndiye mwenye mitambo. Aprili MCX ikabadilisha mtendaji mkuu, na mwisho wa mwezi huo Best Buy, mmoja wa waanzilishi, wakatangaza watapokea Apple Pay. Agosti 2015 Rite Aid, haohao wa ule waraka, wakaiwasha redio. Nusu ya kwanza ya 2015 iliyoahidiwa wateja ilikwisha pita; CurrentC ilifika kwa umma mjini Columbus, Ohio, karibu na Septemba, tena kwa majaribio. Oktoba mwaka huo kukawa na sababu nyingine ya kukata tamaa. Kanuni mpya za kadi zilihamisha hasara ya wizi kwa mwenye duka asiye na mashine ya kusoma chipu, maduka yakanunua mashine mpya kwa wingi, na mashine hizo zilikuja na redio ya simu ndani yake, utake usitake.

Pigo la mwisho lilitoka nyumbani. Desemba 2015 Walmart, nguzo ya muungano, walitangaza pochi yao wenyewe, Walmart Pay. Mei 2016 MCX wakasema wameahirisha kuieneza CurrentC nchi nzima na kuwapunguza wafanyakazi 30. Mwisho wa Juni akaunti za majaribio zikafungwa. Machi mwaka uliofuata benki ya JPMorgan Chase, mmoja wa watoaji wakubwa wa kadi Marekani, ikanunua teknolojia iliyobaki. Chombo kilichoundwa ili kuziruka benki kikaishia kwenye kabati la benki.

CVS walishikilia msimamo hadi Oktoba 2018, miaka minne kasoro wiki chache tangu wazime. Target walikubali Januari 2019. Apple nao hawakutoka wasafi katika historia hii, ingawa mwaka 2014 walionekana kama mkombozi wa mteja. Redio ileile waliyozimiwa na CVS, wao waliifungia ndani ya iPhone: hakuna benki wala kampuni nyingine iliyoruhusiwa kuitumia kulipia dukani ila kwa kupitia kwao. Benki nne za Australia zilijaribu kuungana ili zijadiliane nao zikiwa pamoja, zikakataliwa na mamlaka ya ushindani ya nchi hiyo mwaka 2017. Ilibidi Umoja wa Ulaya uingilie ndipo Julai 2024 Apple wakajifunga kisheria kuifungua redio hiyo kwa wengine barani humo, bure, kwa miaka 10. Machi mwaka huo serikali ya Marekani nayo ilikuwa imewashtaki kwa ukiritimba, na kufungia pochi za wengine ni mojawapo ya mashtaka.

Ile kesi ya 2005 bado ilikuwa ikizunguka. Suluhu ya dola bilioni 7.25 iliyofikiwa 2012 ilitupwa na mahakama ya rufaa mwaka 2016. Suluhu nyingine, iliyotangazwa Machi 2024 kwamba ingewapunguzia wafanyabiashara takriban dola bilioni 30 za makato kwa miaka 5, Jaji Margo Brodie wa Brooklyn aliikataa Juni, kwa kuona haiwatoshi.

Walmart hawajasalimu amri. Kwenye maduka yao ya Marekani Apple Pay haijapokelewa, na mteja anayetaka kulipa kwa simu hufungua programu ya Walmart na kuielekeza kamera kwenye msimbo wa QR pale kwa keshia, kama alivyokusudiwa kufanya kwa CurrentC. Tofauti ni moja. Walmart Pay haimlazimishi mtu kuunganisha akaunti yake ya benki; inapokea kadi aliyonayo. Anaingiza Visa yake, analipa, na Walmart wanakatwa.